Visanduku vya Mezani vya Kizio Kimoja

Kipangio cha mezani cha visanduku ni trei moja yenye kingo fupi, na ndani yake visanduku vidogo vinavyokaa bega kwa bega bila msumari wala gundi. Kila kisanduku huweza kuchopolewa, kugeuzwa, kuhamishwa au kubadilishwa na kingine bila kuvuruga vilivyobaki. Kinachowezesha hayo ni kizio, yaani kipimo kimoja kidogo ambacho urefu na upana wa kila kisanduku ni marudio yake. Visanduku viwili vya kizio kimoja vikiondolewa, kimoja cha vizio viwili huingia palepale. Kizio kikichaguliwa vizuri na kulindwa, mengine yote yana ruhusa ya kubadilika: mbao, rangi, fundi, hata kazi ya mwenye meza. Kisipolindwa, kinachobaki ni vikopo vilivyorundikwa pamoja.

Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, zina haja kubwa ya kifaa cha namna hii, kwa kuwa kazi nyingi za huko hufanyiwa juu ya meza ndogo na hutegemea vitu vidogo. Fundi wa simu karibu na Soko la Toi hufungua simu yenye skrubu ndogo mno. Fundi cherehani kando ya Barabara ya Naivasha ana vifungo, bobini, sindano, chaki na zipu. Wakala wa M-Pesa ana sarafu, kadi za simu, kalamu na mihuri. Katika nyumba ya chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, meza ni moja: mchana hushonewa, jioni huliwa chakula, usiku mtoto huandikia kazi ya shule. Vipangio vya plastiki vinavyouzwa madukani vilibuniwa kwa dawati la ofisi ambalo halihami wala halibadilishi kazi. Vigawanyo vyake havisogei, na kimoja kikipasuka kifaa kizima huwa kimeharibika.

Vitu kwanza, kipimo baadaye

Kazi huanza kwa kumwaga juu ya gazeti kila kitu kinachokaa mezani na kukipanga kwa makundi. Makundi bora hufuata mkono. Vitu vinavyochukuliwa pamoja hukaa pamoja, hata kama havifanani. Kwa fundi cherehani, chaki, futi ya utepe na pini ni kundi moja, maana zote huhitajika wakati wa kupima na kukata. Bobini na sindano za mashine ni kundi jingine. Vitu ambavyo mkono haukuvigusa kwa mwezi mzima havistahili nafasi mezani, na kuvitafutia kisanduku ni kupoteza mbao.

Kisha hupimwa kitu kirefu kuliko vyote na kidogo kuliko vyote katika kila kundi. Vipimo vichache hujirudia kila mahali. Kalamu ya wino ya kawaida ina urefu wa karibu milimita 150, na penseli mpya huweza kufika 190. Betri ya AA ni milimita 50 na kitu, ile ya AAA ni karibu 45. Kadi ya benki ni milimita 86 kwa 54, na laini ya simu ya ukubwa wa nano ni takriban 12 kwa 9. Bobini nyingi za cherehani zina kipenyo cha milimita 20 hivi. Vipimo hivi viandikwe kwenye karatasi moja na karatasi hiyo itunzwe, kwa sababu ndiyo itakayoamua kizio.

Mwisho hupimwa meza yenyewe, na hasa sehemu ya meza inayobaki huru wakati kazi inaendelea. Kwenye kibanda cha simu sehemu hiyo mara nyingi haizidi upana wa karatasi mbili za A4, kwa kuwa katikati lazima pabaki pa kulazia simu iliyofunguliwa.

Kuchagua kizio

Kizio kikiwa kidogo mno, kuta hula nafasi yote. Kikiwa kikubwa mno, kila kitu hupewa nyumba kubwa kuliko mahitaji yake. Mfano unaojulikana sana duniani ni Gridfinity, mfumo uliotolewa mwaka 2022 na mbunifu Mmarekani Zack Freedman, ambao kizio chake ni milimita 42 kwa 42 na kimo huongezeka kwa hatua za milimita 7. Aliuweka wazi ili yeyote autumie, na maelfu ya watu wamechapisha visanduku vyake kwa mashine za kuchapisha vitu vya plastiki. Mfumo huo unafaa kuigwa kwa wazo lake: kipimo kimoja kilichotangazwa, ambacho watu wasiofahamiana wanakifuata na kazi zao zinaingiana. Milimita 42 zenyewe ni hesabu ya mashine. Kwa msumeno wa mkono, kisu na tepu ya kupimia, kizio kinachosomeka haraka ni bora zaidi, na milimita 50 zinafaa.

Sheria inayotumika katika mwongozo huu ni hii: upande wa nje wa kisanduku ni idadi ya vizio mara 50, kutoa milimita 1. Kisanduku cha kizio kimoja huwa na upande wa 49, cha vizio viwili 99, cha vitatu 149, cha vinne 199. Milimita moja inayotolewa ni nafasi ya kupumulia. Visanduku sita vya kizio kimoja katika trei ya milimita 300 huchukua 294, hivyo hata kila kimoja kikizidi kwa nusu milimita, jambo la kawaida kwa kazi ya mkono, bado vyote vitaingia na kutoka bila kulazimishwa.

Kuta zikiwa za milimita 3, ndani hubaki milimita 43, 93, 143 na 193. Hapa ndipo karatasi ya vipimo inapohitajika. Bobini nne hulala vizuri katika kisanduku cha kizio kimoja, mbili kwa mbili. Betri ya AA hailali humo. Inahitaji vizio viwili. Kadi ya benki huingia katika viwili kwa viwili. Kalamu haiingii katika vizio vitatu, ingawa kwa jicho huonekana itaingia, kwa sababu 143 ni pungufu ya 150; kalamu na penseli hupewa vinne. Kimo nacho kiwe na hatua zake: milimita 25 kwa kisanduku kifupi na 50 kwa kirefu, ili vifupi viwili vikipandana vilingane na kirefu kimoja.

Hatari kubwa kuliko zote katika karakana za Nairobi ni mchanganyiko wa inchi na sentimita. Mafundi wengi wa mbao hufikiri kwa inchi na futi, na tepu ina vyote viwili. Akiambiwa “sentimita tano”, fundi anaweza kwa nia njema kukata inchi mbili, kwa kuwa zinakaribiana sana. Lakini inchi mbili ni milimita 50.8. Visanduku sita vya inchi mbili hujaza milimita 304.8, na trei ni 300. Kosa halionekani kwenye kisanduku kimoja. Huonekana siku ya kukusanya, mbao zikiwa zimeshakatwa. Dawa yake ni kuacha kutuma namba. Fundi apewe kigezo: kipande cha bati au plaiwudi ngumu kilichokatwa kwa usahihi, kimoja cha 49, kimoja cha 99 na kimoja cha 199, ambacho anakilaza juu ya mbao na kuchora kando yake. Kigezo hakina lugha ya inchi wala ya sentimita. Kikitoka Laini Saba ya Kibera kwenda Gatina ya Kawangware, kipimo huenda nacho kama kilivyo, na visanduku vya karakana hizo mbili vitaingia katika trei moja.

Sampuli ya katoni

Nairobi inalo somo zuri la sampuli katika jiko la kauri la Kenya. Wabunifu wake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand, wakalijaribu pamoja na mafundi na watumiaji, na umbo likabadilika hadi kuwa lile la kiuno chembamba linalofahamika leo, pana juu na chini, lenye kauri katika nusu ya juu. Wazo la mbali lilipita mikononi mwa watumiaji wa hapa kabla ya kuenea. Kisanduku cha mezani ni kitu kidogo kuliko jiko, lakini njia ni ileile.

Sampuli ya kwanza hutengenezwa kwa katoni za sabuni, biskuti au mafuta ya kupikia, ambazo wenye maduka huzitoa bure au kwa pesa kidogo. Katoni ya kawaida yenye mawimbi ndani ina unene wa milimita 3 hadi 4, karibu sawa na plaiwudi nyembamba. Hiyo ni bahati kubwa: nafasi ya ndani ya sampuli huwa karibu sawa na ile ya kisanduku cha mwisho, hivyo matokeo ya jaribio huaminika. Karatasi ngumu ya daftari haitoi faida hiyo, kwa sababu kuta zake ni nyembamba na kila kitu huonekana kuwa na nafasi.

Vifaa ni kisu chenye wembe mkali, rula ya chuma, penseli na karatasi yenye miraba. Miraba huchorwa ya milimita 50 kwa 50, minne kwa sita, juu ya karatasi mbili za A4 zilizounganishwa. Hiyo ndiyo ramani ya trei ya milimita 200 kwa 300. Katoni ikatwe kwa mapito mepesi kadhaa ya wembe badala ya pito moja la nguvu, kwa maana nguvu huponda mawimbi na kupindisha ukingo. Mawimbi ya kuta yasimame wima, ndipo ukuta uhimili kushikwa. Kuta hushikwa kwa utepe wa karatasi ili ziweze kubanduliwa na kurekebishwa. Uji wa unga wa ngano hushika vizuri pia, ila huvutia mende na panya, na usiachwe mezani kwa siku nyingi.

Kabla ya kukata visanduku vyote, inafaa kutumia viberiti vitupu kwa vitu vidogo kabisa. Kisanduku cha ndani cha kiberiti ni droo iliyokwisha kutengenezwa, na kadhaa vikipangwa juu ya ramani ya miraba huonyesha kwa dakika chache ni makundi mangapi ya vitu yanahitaji nafasi yake.

Kujaribu kwa kazi halisi

Sampuli ya katoni haina maana ikitazamwa tu. Iwekwe kwenye meza ya kazi, ijazwe, na kazi ya kawaida ifanyike kwa siku za kutosha kupata wateja wa kila aina. Mwenye meza asiombwe maoni siku ya kwanza, kwa sababu kitu kipya husifiwa. Ishara za kuaminika ni zile ambazo mikono huziacha: kisanduku kilichochafuka ukingo ndicho kinachotumika, kilichojaa vumbi hakitumiki, kilichofurika kilipewa vizio vichache, na kitu kinachoendelea kulala nje ya trei, juu ya meza, kimenyimwa mahali pake.

Kidole ndicho kipimo cha pili. Vidole viwili vya mtu mzima vinavyobana kitu vinahitaji upana wa karibu milimita 40, na ndiyo maana kisanduku cha kizio kimoja, chenye 43 ndani, ni kidogo vya kutosha bila kuwa shimo. Kimo kikizidi upana, kitu cha chini hakishikiki. Mtumiaji hulazimika kupindua kisanduku. Kwa sarafu, vifungo na skrubu, sakafu ya mraba ni adui, kwa kuwa kitu bapa hung'ang'ania kona. Kipande cha karatasi ngumu kikipindwa na kuwekwa ndani kama bakuli, kidole huteleza na kitu hupanda chenyewe ukutani. Badiliko hilo dogo kwa kawaida hupendwa kuliko mengine yote, na linafaa kubaki hadi kwenye toleo la mwisho.

Fundi wa simu anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu kwake mpangilio ni sehemu ya ubora wa kazi. Katika simu nyingi, skrubu za ndani hutofautiana kwa urefu kidogo sana. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi, huweza kutoboa na kukata njia za umeme za ubao wa ndani ya simu, na simu iliyoletwa kwa kioo hurudi na ubao uliokufa. Kutenga skrubu zote katika kisanduku kimoja hakumsaidii. Kinachomfaa ni kisanduku kifupi cha vizio viwili kwa vitatu, chenye sakafu nyeupe iliyochorwa umbo la simu, ambapo kila skrubu hulazwa mahali ilipotoka. Chini ya sakafu hiyo hubandikwa sumaku zilizotolewa kwenye spika mbovu, ili meza ikigongwa skrubu za chuma zisihame. Sumaku ziwe dhaifu au zifunikwe kwa plaiwudi, na kipaza sauti na spika za simu visilazwe juu yake. Visanduku vinane vya kizio kimoja, vitatu vya kimoja kwa viwili, kimoja cha kimoja kwa vinne cha bisibisi na kibano, na hicho kimoja cha viwili kwa vitatu, hujaza trei ya vizio 24 bila kubakiza nafasi. Chuma cha kuchomelea kisiingizwe katika mpango huu. Ncha yake hupita nyuzi 300 za selsiasi, na mahali pake ni trei ya bati iliyo kando, mbali na katoni, mbao na vimiminika vya kusafishia.

Wakala wa M-Pesa, huduma ambayo imekuwapo tangu Machi 2007, ana hitaji tofauti. Kwake kisanduku cha sarafu lazima kitoke chenyewe jioni na kwenda kufungiwa, huku kalamu na mihuri ikibaki. Kisanduku hicho kiwe kirefu, chenye kifuniko, na kiwekwe upande wa mbali na dirisha la wateja. Mwanafunzi naye anahitaji zaidi trei inayobebeka kwa mkono mmoja wakati sahani zinapoletwa mezani. Jaribio lake ni kuiinua imejaa, kuivusha chumba na kuiweka juu ya kabati bila kitu kumwagika.

Kuingia kwenye mbao

Sampuli ikitulia, yaani mabadiliko yakikoma yenyewe, ndipo mbao zinunuliwe. Plaiwudi ya milimita 3 ndiyo inayofaa visanduku. Mbao nzima kama saipresi ni rahisi kupatikana, lakini ikipasuliwa nyembamba hupindika kufuata unyevu, na Nairobi hutoka kwenye ukavu wa Januari hadi mvua za masika kati ya Machi na Mei. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, hukatika kwa ukingo laini sana ila hufura ikidondokewa na maji, na paa la mabati linalovuja ni jambo la kutarajiwa.

Plaiwudi huuzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4, sawa na milimita 2440 kwa 1220. Ubao mmoja ukikatwa kwa uangalifu hutoa sakafu 48 za trei za 300 kwa 200: safu sita upande mmoja na nane upande wa pili, pamoja na nafasi ya unene wa msumeno. Hakuna anayeanza na trei 48. Kwa toleo la kwanza inatosha kununua mabaki kutoka kwa mafundi wa samani wanaofanya kazi kando ya Barabara ya Ngong. Mabaki yachaguliwe kwa kuyatazama ubavuni: yaliyotengana matabaka yaachwe, na yaliyopindika yaachwe pia hata yakiwa ya bure.

Unene upimwe kabla ya kukata, maana plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 huweza kupungua au kuzidi kidogo. Kipimo cha nje ndicho bwana. Cha ndani hufuata. Kisanduku cha kizio kimoja chenye kimo cha 25 huwa na sakafu ya 49 kwa 49, kuta mbili za 49 kwa 22, na kuta mbili fupi zinazokaa katikati ya hizo. Urefu wa hizo fupi ni 49 kutoa unene wa kuta mbili, yaani 43 ikiwa ubao kweli ni wa milimita 3. Kuta zote hukaa juu ya sakafu, na 22 pamoja na 3 za sakafu ndizo 25.

Njia ya haraka na sahihi ni kukata kwanza vipande virefu vya upana wa 22, kisha kuvikata kwa urefu kwa kutumia kizuizi: kipande cha mbao kilichopigiliwa kwenye meza ya kukatia, kwa umbali unaotolewa na kigezo. Kila ukuta hugotezwa kwenye kizuizi na kukatwa bila kupimwa tena, na kuta zote hutoka sawa. Msumeno uwe wa meno madogo. Upande mzuri wa plaiwudi ukae juu kwa msumeno wa mkono, ili mapasuko yatokee upande usioonekana.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Misumari hupasua plaiwudi nyembamba, na gundi ya moto hulegea mchana chini ya mabati yaliyopigwa na jua. Vipande vikishapakwa, kisanduku huzungushiwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ambao hubana pande zote kwa nguvu sawa, na kuachwa hadi kikauke kabisa. Kabla gundi haijashika, mishazari miwili ya kisanduku ipimwe. Ikiwa sawa, kona zimenyooka. Dakika hiyo moja huokoa kazi nyingi ya msasa baadaye.

Kwa visanduku vinavyopandana, chini ya kile cha juu hubandikwa kisigino: kipande cha plaiwudi cha 42 kwa 42, kinachozama ndani ya mdomo wa kile cha chini chenye 43. Kisigino hula milimita 3 za kimo cha jirani yake wa chini, na lazima kihesabiwe pale vitu vinapojaa hadi juu.

Trei yenyewe hutengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 6 au 9. Sakafu hukatwa 300 kwa 200 kamili, na kingo hubandikwa kwa nje yake, wala si juu yake. Zikibandikwa juu, nafasi ya ndani hupungua na hesabu nzima huvunjika. Ukingo usimame milimita 15 juu ya sakafu, ili hata kisanduku kifupi kichomoze kwa milimita 10 na kushikika. Matundu mawili ya vidole kwenye kingo fupi hutosha kuwa mishikio.

Trei ya fundi cherehani ina tatizo lake. Mashine ya kukanyaga hutetemesha meza, na trei hutembea polepole hadi ukingoni. Vipande vinne vya tyubu vikigundishwa chini ya pembe huizuia, na kipande cha malapa ya zamani kikiwekwa chini ya kila kisanduku cha pini hunyamazisha mlio wake. Mpira huo wa malapa ni mali ghafi inayothaminiwa Nairobi. Shirika la Ocean Sole, kwa mfano, hutengeneza sanamu za wanyama kutokana na malapa yaliyookotwa ufukoni.

Pale ambapo meza haina nafasi kabisa, trei hutundikwa. Ukuta wa udongo au wa mabati haushiki skrubu, kwa hiyo uzito ubebwe na nguzo au boriti ya mbao iliyo nyuma yake, na trei ipewe kingo ndefu zaidi upande wa mbele.

Mwisho kabla ya rangi, kila kisanduku kiingizwe kwenye trei kwa pande zake zote, kigeuzwe na kuingizwa tena, kila mahali. Kinachokwama kipigwe msasa wa namba 120 hadi kiteleze, kisha chote kimalizwe kwa 240. Matabaka mawili membamba ya vanishi huzuia vumbi jekundu na jasho la mikono. Ikumbukwe kwamba vanishi huongeza unene, na rangi nzito huongeza zaidi. Visanduku vilivyoingia kwa taabu kabla ya rangi havitaingia baada yake. Kwa fundi wa simu, sakafu ya ndani ibaki bila vanishi au ifunikwe kwa bati, kwani dawa za kusafishia ubao wa simu huyeyusha vanishi.

Bati, mfupa na mashine

Kizio kikishikiliwa, visanduku si lazima viwe vya mbao. Mafundi wa Kamukunji, ambao kwa miongo mingi wamekunja bati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, wanaweza kukunja kisanduku cha bati la geji 30 kwa muda mfupi, na mafundi bati wa Kibera na Kawangware vilevile. Jambo la kusisitizwa kwao ni ukingo. Mdomo wa juu ukunjwe kuelekea ndani angalau milimita 5, kwa usalama wa vidole, na kipimo cha nje kisizidi kigezo hata baada ya mkunjo. Visanduku vya bati vinafaa sarafu, misumari na vitu vyenye mafuta.

Kibera ina mafundi wanaochonga mapambo kutokana na mifupa ya ng'ombe inayotoka buchani na machinjioni. Vipande vidogo vya mfupa uliosafishwa na kung'arishwa hufaa sana kuwa vishikio vya vifuniko: havichakai upesi, vinapendeza, na hugundishwa kwa urahisi. Vumbi la mfupa likatwapo ni baya kwa mapafu, hivyo mfupa uloweshwe na barakoa ivaliwe.

Mashine za kukata kwa leza na za kuchapisha plastiki zinapatikana Nairobi katika karakana za pamoja kama Gearbox. Kuzitumia kwa kila kisanduku ni gharama isiyo ya lazima wakati mkono wa fundi upo. Mahali pa leza ni kwenye vigezo. Seti moja ya vigezo vya plastiki ngumu, iliyokatwa kwa mashine mara moja, huweka usahihi mikononi mwa karakana nyingi. Kwa sababu leza huyeyusha sehemu ndogo ya ukingo, mchoro uongezwe kidogo kila upande, na kigezo cha kwanza kipimwe kabla ya kukata vilivyobaki.

Kurudufu na kuuza

Gharama ihesabiwe kwa kizio badala ya seti: mbao, gundi, msasa, vanishi, muda wa fundi na vipande vilivyoharibika, vyote vikigawanywa kwa idadi ya vizio vilivyotoka vizuri. Hesabu hiyo huruhusu kuuza kwa namna inayolingana na soko la Kibera na Kawangware, ambako mafuta ya kupikia hupimwa kwa kipimo cha shilingi chache na sabuni huuzwa kwa kipande. Uchumi huo wa kadogo unakifaa kifaa hiki. Mteja ananunua trei na visanduku vinne, anaongeza viwili mwisho wa mwezi, na kile kilichokanyagwa hubadilishwa peke yake. Anayeuza seti kamili tu anawafungia mlango watu ambao kifaa kilibuniwa kwa ajili yao.

Ahadi hiyo humbana mtengenezaji pia. Kisanduku kitakachouzwa mwaka ujao lazima kiingie katika trei ya mwaka huu. Kwa hiyo seti moja ya vigezo ifungiwe kando na isitumike kazini. Zile za kazini, ambazo hulika polepole kwa penseli na kisu, zilinganishwe nayo kila baada ya muda, na kilichopungua kitupwe. Chini ya kila trei na kila kisanduku ichapwe alama ya karakana na namba 50, ili fundi mwingine yeyote atakayeletewa kwa ukarabati ajue kizio chake bila kuuliza.